Nyika ya Maua Hailindwi kwa Kuachwa

Mkaazi wa Mombasa akivuka feri ya Likoni na kupanda gari la Kwale, huwa na jina la karibu kila kitu anachokipita njiani. Minazi ni minazi, mikorosho ni mikorosho, miembe ni miembe, na ule weusi wa miti mikubwa unaoonekana juu ya vilima vya Shimba ni mwitu. Akishaingia ndani ya hifadhi, mwitu hukatika ghafla, na mbele yake hufunguka uwanda wa nyasi unaoinamishwa na upepo wa baharini, wenye mti mmoja hapa na mwingine kule, na hapo ndipo maneno yanapomwishia. Husema tu kwamba hapa ni patupu. Hata neno tulilorithi kwa mahali pa namna hiyo, yaani nyika, limebeba hisia ya pori lisilo na watu wala mali, na watu wa mwambao walilitumia zamani hata kuwaita Wamijikenda kwa jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Ardhi ilidharauliwa na wenyeji wake wakadharauliwa pamoja nayo.

Makala haya yanahusu mahali hapo panapoitwa patupu, na hasa vipande vidogo vya nyika vyenye maua ya mwituni ambayo hayapatikani kwingine. Maswali yanayoulizwa juu yake ni mawili. La kwanza ni kwa nini mahali padogo, pasipo na mti wa mbao wala shamba, pahifadhiwe kwa sheria kwa ajili ya maua ambayo wengi wetu hatujui majina yake. La pili ni gumu zaidi, na huwachanganya hata watu wenye nia njema: ikiwa pamehifadhiwa kweli, mbona wanaopalinda ndio wanaoonekana wakifyeka nyasi, wakiachia wanyama walishe, na mara nyingine wakitia moto? Nitaanza na hili la pili, kwa sababu anayelielewa hilo atakuwa amekwisha kujibiwa nusu ya lile la kwanza.

Kinachouzuia mwitu

Mombasa hupata mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake katika masika na nyingine katika vuli. Vilima vya Shimba, ambavyo hupanda kufikia mita 400 na zaidi juu ya usawa wa bahari na kuupokea upepo wa kusi kifuani, hupata mvua na ukungu wa kutosha kuotesha mwitu mkubwa, na kweli mwitu huo upo, Makadara na Longo-Magandi. Maji yanayochuruzika kutoka vilimani humo kwenye chemchemi za Marere yamekuwa yakinywewa mjini Mombasa kwa miaka mingi. Fumbo linaanzia hapo. Mvua ni moja na kilima ni kimoja, basi kwa nini mwitu haukufunika kila mahali?

Nyasi hazibaki wazi kwa bahati. Mahali ambapo mvua inaitosha miti, kila mwaka mbegu za miti huangushwa na ndege na upepo katikati ya nyasi, na kila mwaka baadhi yake huchipua. Nyika hubaki nyika kwa sababu tu kipo kitu kinachoviondoa vichipukizi hivyo kabla havijafika kimo cha mtu. Katika Shimba kitu hicho ni udongo wa kichanga uliooshwa rutuba yake na mvua ya dahari, ni midomo ya nyati na palahala, na zaidi ya yote ni moto. Hifadhi hiyo, yenye kilomita za mraba zipatazo 192, ilitangazwa rasmi mwaka 1968, na ndimo lilimobaki kundi pekee la palahala nchini Kenya, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Palahala hula nyasi, na nyasi changa huzipenda kuliko kuukuu. Kwa hiyo viraka vya nyika vimekuwa vikichomwa kwa mpango ili apate malisho, na moto huohuo uliokusudiwa tumbo la mnyama ndio unaoyaweka hai maua.

Tazama kinachotokea moto na midomo vikikosekana. Mwaka wa kwanza nyasi hurefuka na kupendeza, na mpita njia hufurahi akidhani kwamba ardhi imepumzika. Mwaka wa pili nyasi za mwaka uliopita hazijaoza zote. Zimelala chini na kufumana mithili ya jamvi, na zile mpya zimepenya juu yake. Mwanga haufiki tena udongoni. Mmea mdogo wenye majani yaliyotandaa chini, uliokuwa ukitegemea saa chache za jua kati ya fundo la nyasi na fundo jingine, hupauka, hukosa nguvu ya kutoa ua, na baadaye hukosa hata nguvu ya kutoa jani. Kisha huja vichaka, na chini ya vichaka hivyo hukua miti. Hakuna aliyeng'oa ua hata moja wala hakuna aliyekuja na trekta, na bado katika muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi kumaliza shule, uwanda mzima wa maua unaweza kutoweka kwa kuachwa kwa heshima.

Huu ndio ugumu wenyewe wa jambo hili. Kuilinda nyika ni kazi ya kuondoa: kuondoa nyasi zilizozidi, vichipukizi vya miti, na hata rutuba, kama nitakavyoeleza. Sisi tumezoea kufikiri kwamba anayejali ardhi ni yule anayeiongezea kitu.

Upana wa mkeka mmoja

Wiki chache baada ya moto kupita na mvua ya kwanza kunyesha, ukichuchumaa na kutazama eneo lisilozidi upana wa mkeka, utaona jambo ambalo aliyesimama haoni. Udongo ni mweusi kwa majivu. Mafundo ya nyasi yamebaki kama brashi zilizoungua, lakini katikati ya kila fundo zimechomoza ncha za kijani zilizochongoka, kali kiasi cha kuuchoma mkono. Kati ya fundo na fundo, mahali ambapo pengine mwaka mzima hapakufika jua, pametokea majani mapana yaliyolala chini kama viganja, na jirani yake shina refu lisilo na jani hata moja limebeba maua ya okidi ya ardhini, ya jenasi (yaani kundi la aina zilizo karibu kinasaba) ya Eulophia, ambayo baadhi ya aina zake hutoa ua kwanza na majani baadaye. Hakuna aliyepanda kitu hapo, na hakuna mbegu inayoweza kuota, kukua na kuchanua upesi kiasi hicho. Vyote hivyo vilikuwapo tangu zamani, chini.

Mimea mingi ya nyika hujenga nyumba yake ardhini. Ina viazi, tunguu, mizizi minene au mashina yanayotambaa chini ya udongo, na huko ndiko inakoweka akiba ya chakula na machipukizi ya kesho, mahali ambapo joto la moto unaopita haraka halifiki. Sehemu tunayoiona juu ni ndogo, nayo ni ya kupotezwa na kuota tena. Mmea wa namna hii unaweza kuwa na miaka mingi ukiwa na urefu wa kidole tu, na kwa sababu hiyo moto na mundu haviuui, lakini jembe huuua mara moja. Plau ikipita mara moja tu juu ya nyika kongwe, ikikata na kupindua viazi na mizizi hiyo, nyasi zitarudi katika msimu mmoja na mtu atadhani hakuna kilichoharibika, ila maua yale hayatarudi pamoja nazo. Ndiyo sababu mtu anayeijua nyika hatishwi na weusi wa majivu. Mistari iliyonyooka ya shamba lililolimwa ndiyo inayomtisha.

Okidi ina jambo jingine linalofaa kuelezwa polepole. Tunda lake likikomaa hupasuka na kumwaga mbegu kwa maelfu, laini kama vumbi la unga, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Wepesi huo una gharama yake, kwa kuwa mbegu haina akiba ya chakula ndani yake. Kunde huchipua kwa kula chakula kilichomo katika mbegu yenyewe, lakini okidi haiwezi. Inapaswa kuangukia mahali penye kuvu fulani ya udongoni, kuvu hiyo iingize nyuzi zake ndani ya mbegu na kuilisha mpaka ipate jani la kwanza. Pasipo na kuvu hiyo, mbegu milioni moja hazitoi mche hata mmoja. Mtu anayeichimba okidi ya nyikani ili aipande kwenye chungu barazani kwake, hata akiwa na mapenzi ya kweli, huwa amechukua nusu ya kiumbe na kuiacha nusu nyingine ardhini, na kwa kawaida mmea huo hufa katika mwaka au miwili.

Ardhi maskini, maua mengi

Mkulima yeyote ataona ajabu kuambiwa kwamba rutuba ni adui wa maua. Hata hivyo jambo hili limepimwa kwa muda mrefu kuliko karibu majaribio yote ya aina hiyo duniani. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, kaskazini ya London, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waligawanya uwanda mmoja wa nyasi mwaka 1856, wakatia mbolea za aina mbalimbali katika vipande kadhaa na kuviacha vingine bila ya chochote. Nia yao ilikuwa kujua ni mbolea gani inayozidisha nyasi za kulishia mifugo. Nyasi zilizidi kweli, lakini ndani ya miaka michache tu vipande vile vilikwisha kutofautiana kwa macho, na jaribio hilo linaendelea mpaka leo. Vipande ambavyo havijawahi kutiwa mbolea vina zaidi ya aina 30 za mimea, na baadhi ya vile vilivyotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni vimebaki na aina mbili tatu za nyasi ndefu.

Sababu yake si ngumu ukiifuata hatua kwa hatua. Udongo ukiwa maskini, hakuna mmea unaoweza kukua kwa kasi ya kuwafunika wenzake, kwa hiyo wote hubaki wafupi na kila mmoja hupata mwanga kidogo. Udongo ukitajirika, nyasi chache zenye uwezo wa kutumia utajiri huo kwa haraka hupaa juu, na walio chini hufa kwa kukosa jua. Hii ndiyo maana majani yaliyofyekwa ni lazima yabebwe na kutolewa nje ya nyika. Yakiachwa yaoze palepale huwa mbolea, na mfyekaji atakuwa ameondoa kivuli kwa mkono mmoja na kukirudisha kwa mwingine. Moto nao, ingawa huacha majivu yenye madini, huipeleka angani sehemu kubwa ya naitrojeni pamoja na moshi.

Wazungu wa vijijini waliijua kazi hii kabla ya sayansi kuieleza. Katika mji mdogo wa Cricklade, kusini mwa Uingereza, uko uwanda wa hekta zipatazo 44 kando ya mto Thames unaobeba sehemu kubwa mno ya maua yote ya Fritillaria meleagris yanayoota yenyewe bila kupandwa nchini humo, ua lililoinama kama kengele na lenye miraba ya zambarau kama ubao wa drafti. Uwanda huo umehifadhiwa leo kisheria, lakini kilichouokoa ni ratiba ya zamani ya wanakijiji: nyasi hazikatwi mpaka mwezi wa Julai, mbegu za ua hilo zikiwa zimekwisha kudondoka, baada ya hapo hukatwa na kubebwa, na kuanzia tarehe 12 Agosti hadi 12 Februari mifugo huruhusiwa kulisha. Ratiba kama hizo zilipoachwa kwingineko, na mbolea za viwandani zikaingia, nchi hiyo ilipoteza takribani asilimia 97 ya nyanda zake za maua tangu miaka ya 1930.

Yuko hata mmea ambao watunzaji wa nyanda hizo huupanda makusudi ili uwasaidie kazi ya kuondoa. Nao ni Rhinanthus minor, wenye ua dogo la manjano, ambao mizizi yake hushika mizizi ya nyasi na kuinyonya. Wakulima wetu wa mahindi wataufahamu mara moja, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na kiduha, ule mmea wa maua mazuri unaoinyonya mihindi mpaka ikadumaa. Tabia inayomtia mkulima hasara shambani ndiyo inayotafutwa nyikani, kwani nyasi zikidumaa maua hupumua.

Jirani yake anataka kinyume

Kama kanuni ingekuwa moja tu, makala haya yangeishia hapa. Lakini pwani yetu ina hazina nyingine ya mimea adimu ambayo inalindwa kwa njia iliyo kinyume kabisa, nazo ni kaya za Wamijikenda. Kaya ni vipande vya mwitu, vingi vyake vidogo, vilivyozunguka makao ya kale yenye maboma. Watu walihama humo kidogo kidogo, mwitu ukabaki kuwa mahali patakatifu chini ya uangalizi wa wazee. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ina hekta zipatazo 30 tu. Humo haukatwi mti, hawaingizwi mifugo, na hata atakayeingia kwa ruhusa hufungwa kaniki na kuelezwa anachoweza kukigusa na asichoweza. Serikali ilianza kuziorodhesha kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa na UNESCO katika Turathi za Dunia. Wanabotania wamekuta ndani ya kaya hizi miti ambayo ni adimu mno mahali pengine, kama Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe, ambao miti yake mikubwa iliyobaki ni michache mno.

Katika kaya, basi, kinga ni marufuku: usikate, usichome, usilishe. Katika nyika kinga ni kazi, nayo ni kazi ya mambo yaleyale ambayo kaya inayakataza. Kwa bahati ya jiografia yetu, vitu hivi viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, na juu ya vilima vya Shimba hatua 20 zinatosha kumtoa mtu katika kimoja na kumwingiza katika kingine. Anayepeleka sheria ya mwitu nyikani huiua nyika, na anayepeleka moto wa nyika mwituni huua mwitu. Naamini kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayofanywa kwa nia njema katika uhifadhi wa pwani inatokana na kutotenganisha mambo haya mawili.

Kosa la wakati wetu ni miche. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na nchi iliyokatwa misitu kiasi chetu inahitaji miti kweli. Mikoko ya hori za Tudor na Mwache inahitaji kurudishwa, na miinuko iliyoachwa wazi na wachoma makaa inahitaji kufunikwa. Lakini shule, kikundi au kampuni inayotafuta mahali pa kupanda miche yake 500 kwa siku moja hutafuta mahali pasipo na miti wala mwenyewe anayelalamika, na macho huangukia palepale panapoitwa patupu. Kwenye vilima vya Shimba iko misonobari iliyopandwa zamani kwa ajili ya mbao. Chini yake utakanyaga zulia la sindano kavu, na katika zulia hilo hutaona ua. Nyika kongwe iliyopandwa miti haijarudishiwa kitu chochote kilichokuwa chake, kwa maana haikuwa mwitu uliokatwa.

Kidogo kina hesabu yake

Sasa swali la kwanza, la udogo. Jibu lake la haki ni kwamba hifadhi ndogo hutosha pale ambapo kinacholindwa chenyewe kina makao madogo. Ndovu hawezi kuishi katika hekta tano, lakini yako maua ambayo ulimwengu wao wote haufiki hapo. Mfano bora tulionao pwani uko Kaunti ya Kilifi, kwenye miamba ya chokaa ya Chasimba na jirani zake za upande wa Mwarakaya, mahali ambapo huota Saintpaulia rupicola, ua la zambarau lenye majani ya manyoya. Dunia nzima inayafahamu maua ya jenasi hiyo kwa kuwa huuzwa katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Umaarufu huo ulianza na mbegu ambazo afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alizipeleka kwao kutoka pande za Tanga na Usambara mwaka 1892. Lakini aina ya Chasimba haina makao mengine isipokuwa miamba hiyo michache, ikijificha katika nyufa zenye unyevu na kivuli, na chokaa ileile inayoishikilia ndiyo inayotakiwa kwa saruji.

Udogo una upande wake wa hatari pia, nao haufichiki. Mwaka 1977, katika kipande kidogo cha mwitu karibu na Mwarakaya, ulionekana mti ambao baadaye uliitwa Karomia gigas. Nchini Kenya ulijulikana mti mmoja tu. Muda si mrefu ulikuwa umekwisha kukatwa, na ilidhaniwa kwamba aina hiyo imetoweka duniani, mpaka ilipoonekana Tanzania mwaka 1993. Kitu kilichobaki mahali pamoja huondolewa na panga moja.

Hata pasipo na panga, hesabu ya udogo ni kali. Chukua kiwanja cha mita 100 kwa mita 100, kilichozungukwa na mashamba. Mbolea inayopeperushwa, dawa za wadudu na mbegu za magugu zikipenya mita 10 tu kutoka kila upande, mita za mraba 3,600 kati ya 10,000 zimekwisha kuwa ukingo, yaani zaidi ya theluthi moja ya hifadhi yote. Kiwanja cha kilomita moja kwa kilomita moja, kikipenywa mita zilezile 10, hupoteza asilimia nne tu. Kwa hiyo mlinzi wa kipande kidogo hushughulika zaidi na mipaka kuliko na katikati. Huko mipakani ndiko zinakoingia lantana, kichaka cha kigeni, na mwarubaini. Huu wa pili, ambao wazee huuita mkilifi, ni mti tunaoupenda na tunaojitibia, uliotujia kutoka India. Ndege na popo hula matunda yake na kuzitapanya mbegu, na sasa huota ndani ya misitu ya pwani kama mwenyeji. Kuung'oa mche wa mwarubaini nyikani huuma moyo wa Mswahili, lakini hauna budi kung'olewa.

Wanyama nao wana hesabu yao wakizungushiwa uzio. Ndovu wa Shimba walifikia wingi ambao mwitu ulishindwa kuustahimili, hata mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likawahamisha zaidi ya 100 kwenda Tsavo Mashariki. Kuwaondoa ndovu kulikuwa sehemu ya kuilinda mimea, jambo ambalo mtalii aliyekuja kuwaona ndovu hakutarajia kulisikia.

Tena kuna jirani ambaye hifadhi ndogo haiwezi kuishi bila yeye. Baadhi ya zile okidi za Eulophia huchavushwa na nyuki wakubwa weusi, walewale wanaotoboa boriti za mapaa yetu na kuacha vumbi la mbao sakafuni. Ua halimpi nyuki huyo asali yoyote. Humvuta kwa sura tu, naye huingia, huchafuka chavua mgongoni, hutoka mikono mitupu na kuipeleka chavua kwenye ua jingine. Nyuki huyo hataki nyika kwa kuishi. Anataka mbao kavu za kutoboa na maua mengine yenye asali ya kumlisha, na hivyo viko kwenye mashamba ya jirani, katika mnazi uliokufa umesimama, katika uzio wa miti wa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za okidi. Jirani huyo akisafisha kila kilichokauka na kupuliza dawa juu ya kilichobaki, maua yataendelea kuchanua ndani ya hifadhi kwa miaka kadhaa, mazuri vilevile, bila ya kufunga mbegu hata moja. Ndiyo maana mtu anayehesabu maua peke yake hajahesabu kitu. Matunda ndiyo ya kuhesabiwa.

Kwa wanaoshika mundu, basi, mwaka una mpangilio wake. Maua mengi hufuata mvua, kwa hiyo wakati wa masika na baada yake mikono hukaa mbali na nyika, isipokuwa kung'oa miche ya miti wakati udongo ungali laini na mzizi unatoka mzima. Matunda yakikauka na kupasuka ndipo kufyeka huanza, na majani hukusanywa, hufungwa mizigo na kutolewa nje ya mpaka, ambako ng'ombe wa jirani huyapokea kwa furaha. Ng'ombe wenyewe wakiingizwa, huingizwa kwa siku chache na kutolewa, kwa sababu ng'ombe huzoa nyasi kwa ulimi bila ya kuchagua sana, ilhali mbuzi huchagua lililo tamu, na lililo tamu mara nyingi ndilo ua. Moto, mahali unaporuhusiwa, haupigwi uwanda mzima kwa mwaka mmoja. Huchomwa kiraka kimoja na kuachwa viwili, ili panzi, vipepeo na vifukofuko vyao wawe na mahali pa kukimbilia, na mwaka ufuatao zamu huhamia kwa kingine. Mbegu chache za aina zilizo adimu kabisa huchukuliwa kwa ruhusa na kupelekwa kwenye benki ya mbegu huko Muguga, karibu na Nairobi, ingawa zile za okidi zitahitaji kuvu yake pia.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho na aende Shimba mwisho wa masika, avae viatu vya kufunika kwa ajili ya kupe, na ajipe asubuhi nzima kwa eneo lisilozidi uwanja wa mpira. Asichume na asichimbe. Akikuta mche wa msonobari umesimama peke yake katikati ya nyasi, wa kijani kibichi na wenye kuvutia, amwoneshe askari wa wanyamapori aliye karibu, na asisikitike akiuona unang'olewa.